Kanumba, Bariadi na Swali la Mama: Je, Uigizaji ni Kazi?

Mwezi Julai, msimu wa pamba ukiwa umepamba moto, nilikuwa Bariadi kwa shughuli ya kifamilia. Jioni ya siku ya pili alikuja mama mmoja, jirani wa shangazi yangu pale Somanda, akiongozana na kijana wake aliyehitimu kidato cha nne mwaka uliotangulia. Baada ya salamu, ambazo kwa Wasukuma si jambo la kukimbizwa, mama alieleza lililomleta. Kijana anataka kwenda Dar es Salaam kuigiza. Amepata namba ya simu ya watu wanaodai kuendesha kambi ya filamu. Wamemtaka atume ada ya usajili, kisha ajitegemee nauli, chakula na malazi kwa miezi mitatu. Mama ameuza pamba, fedha kidogo ipo, lakini haitoshi mpaka auze na ng'ombe mmoja.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe umesoma, nieleze ukweli. Hii kazi ni kazi?"

Kabla sijafungua kinywa, kijana akajibu yeye: "Mama, hata Kanumba alitokea huku huku."

Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumpa mama yule jioni ile, nami sikuwa nalo.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Wakati huo nchi yote ya Bariadi, Maswa na Meatu ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi Machi 2012, wiki chache tu kabla ya Kanumba kufariki dunia. Kwa hiyo kijana yule, ambaye msiba ulipotokea alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza, hakukosea aliposema "huku huku". Alikuwa akimdai mtu wa kwao.

Kanumba alisoma shule ya msingi Bugoyi mjini Shinyanga na kuendelea na sekondari Mwadui, kabla ya masomo kumpeleka Dar es Salaam. Alianza kuigiza akiwa bado mwanafunzi, na mwaka 2002 akajiunga na Kaole Sanaa Group. Wasomaji vijana yafaa wakumbushwe Kaole lilikuwa nini. Televisheni Tanzania Bara ilikuwa na umri usiozidi miaka kumi. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Kundi lile la jukwaani lilipoingia ITV na michezo yake ya kuigiza, familia nzima zilipanga chakula cha jioni kwa kufuata ratiba yake. Humo ndani ya Kaole walipikwa Vincent Kigosi, yaani Ray, Blandina Chagula, yaani Johari, na wengine wengi ambao baadaye waliibeba tasnia ya filamu mabegani. Kanumba alijulikana kupitia michezo kama Jahazi na Dira, akicheza mbele ya kamera huku akiwa amefunzwa nidhamu ya jukwaa: kukariri, kufika mazoezini mapema, kungoja zamu yako.

Kutoka hapo alivuka kwenda kwenye filamu za video, na ndani ya miaka michache akawa uso wa tasnia nzima. Alicheza na waigizaji wa Nigeria katika Dar 2 Lagos, wakati ambapo wengi wetu tuliamini kwamba Mtanzania ni wa kutazama filamu za Nigeria tu, si wa kucheza humo. Aliunda kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great Film, akawa mtunzi, mwongozaji na mzalishaji. Katika Uncle JJ na This Is It alicheza na watoto wadogo na kuwaachia nafasi ya kung'ara, jambo ambalo mwigizaji mwenye kiburi halifanyi. Mwaka 2011 alicheza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Yote hayo aliyafanya kabla ya kutimiza miaka thelathini.

Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28. Siku ya maziko, tarehe 10, viwanja vya Leaders vilifurika maelfu ya watu, na njia ya kwenda makaburi ya Kinondoni haikupitika. Shauri lililotokana na kifo chake lilikwisha kutolewa hukumu na Mahakama Kuu mwaka 2017, nami sina la kuongeza. Ninachosikitikia ni kwamba kwa miaka yote hiyo magazeti yetu yaliandika kuhusu kifo cha Kanumba mara kumi zaidi ya yalivyoandika kuhusu kazi yake. Na kazi ndiyo yenye majibu ya swali la mama.

Jibu la kwanza ni kuhusu njia. Ili Kanumba awe Kanumba, ilimlazimu kuondoka Usukumani. Hakuna hatua hata moja kubwa ya safari yake iliyofanyika nyumbani: kundi lilikuwa Dar es Salaam, televisheni ilikuwa Dar es Salaam, wasambazaji wa filamu walikuwa Kariakoo, na chuo cha sanaa kilikuwa, na bado kipo, Bagamoyo. Kutoka Bariadi hadi huko ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mtoto wa Kinondoni anayetaka kujaribu uigizaji hupoteza nauli ya daladala. Mtoto wa Bariadi hupoteza ng'ombe. Tunapoimba kwamba "kipaji hakijifichi", tukumbuke kuwa wako walioshindwa kwa kukosa nauli tu, na hao hatutawajua kamwe.

Jibu la pili ni kuhusu dharau. Mwaka 2009 Kanumba alialikwa Afrika Kusini kuitembelea nyumba ya Big Brother Africa. Akazungumza Kiingereza chake mbele ya bara zima, na huku nyumbani Watanzania wakamcheka kwa wiki kadhaa. Waliocheka zaidi hawakuwa wakulima wa Meatu. Walikuwa watu wa ofisini, wanahabari, na nasikitika kusema, wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao wengi wao walipitia shule zilezile zinazofundisha kwa Kiingereza bila kumfundisha mtu Kiingereza. Tulimcheka kwa sababu alitusomea hadharani cheti chetu wenyewe. Naye hakujificha, aliendelea kusafiri, kushirikiana na wageni na kutoa filamu.

Dharau hiyo ina sura nyingine inayowahusu moja kwa moja watu wa Simiyu. Katika vichekesho vyetu vya redio, televisheni na simu za mkononi, Msukuma ni mhusika aliyekwisha kuandikwa: mshamba, lafudhi nzito, fedha za ng'ombe mfukoni na akili pungufu kichwani. Watu wanacheka, na baadhi ya Wasukuma wenyewe wanaishi kwa kuuza kicheko hicho. Kanumba alikataa nafasi hiyo bila kutoa hotuba. Alivaa suti, akacheza daktari, mfanyabiashara, baba, mpenzi, mtu mwenye dhamiri inayomsumbua. Kijana wa Shinyanga aliigiza binadamu kamili, na nchi nzima ikalia naye. Huo nao ni mchango wa kisiasa, ijapokuwa hakuna chama kilichoudai.

Jibu la tatu ndilo gumu zaidi, nalo ni la fedha. Enzi za Kanumba filamu nyingi ziliuzwa kwa utaratibu ambao mkulima yeyote wa pamba ataufahamu mara moja. Mzalishaji alibeba gharama za kupiga picha, akaenda na kazi iliyokamilika kwa msambazaji, akalipwa kitita cha mara moja, akakabidhi haki zake zote. Filamu ikiuza nakala elfu moja au laki moja, kwake hesabu ilikuwa imefungwa. Mwigizaji alikuwa chini zaidi: alilipwa kwa siku au kwa filamu, mara nyingi kwa maneno ya mdomo. Mkulima wa Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, huuza pamba mbegu kwa kilo. Nyuzi zinasafirishwa nje, na yeye hununua mtumba gulioni. Msanii aliuza jasho ghafi, na thamani ikaongezewa kwingine.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na chombo cha kuisimamia, COSOTA, kipo. Sheria hiyo inalinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Fanyeni hesabu. Mswada wa filamu ambao Kanumba aliuandika kwa mkono wake unalindwa hadi 2062. Kijana wa Somanda atakuwa na wajukuu. Lakini ulinzi huo humfaa mwenye haki tu, na aliyesaini kuiuza haki yote kwa kitita kimoja hana tena cha kulindiwa. Ndiyo maana nasema tatizo letu kubwa katika sanaa ni mkataba, na mkataba ni elimu.

Pale Bariadi, karibu na stendi, niliingia katika kibanda cha kijana anayeingizia watu filamu na muziki kwenye simu na flashi. Ana mafaili yaliyopangwa vizuri: filamu za Kikorea zilizotafsiriwa, za Kihindi, za Kimarekani, na faili moja lenye jina la Kanumba. Nilimuuliza nani anaulizia hilo. Akasema, "Wengi tu, hasa akina mama." Nikamuuliza kama anajua fedha hiyo ingepaswa kumfikia nani. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa mvua ni ya nani. Sikumlaumu. Serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye filamu na muziki mwaka 2013, na mwaka 2017 wasanii wenyewe waliingia barabarani Kariakoo kulalamikia filamu za nje zinazouzwa kiholela. Lakini hakuna aliyewahi kufika katika kibanda kile kumweleza yule kijana chochote, zaidi ya mtoza ushuru.

Sasa nije kwa lile linaloniuma zaidi. Tunazungumza kana kwamba Simiyu ni jangwa la sanaa linalosubiri Dar es Salaam ilinyeshee mvua. Huo ni ujinga wa historia. Wasukuma wana mojawapo ya mila kubwa kabisa za maonesho ya jukwaani katika Afrika Mashariki. Kwa vizazi kadhaa vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vimeshindana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Hakuna jopo la majaji. Watazamaji wanapiga kura kwa miguu yao. Ndiyo maana manju hubuni kila mwaka: nyimbo mpya, mavazi mapya, vinyago, mazingaombwe, nyoka, majembe yanayorushwa angani. Kuna kiongozi, kuna mazoezi, kuna utunzi, kuna siri za kundi, kuna upinzani wa kibiashara. Nikiwafundisha wanafunzi wangu maana ya tamthilia ya umma, mfano bora ninao hapa nchini.

Mtu aliyekulia katika nchi hiyo anajua tangu utotoni kwamba hadhira haidaiwi, huvutwa. Sidai kwamba Kanumba alijifunzia uigizaji uwanjani kwa Wagika na Wagalu. Nasema tu kwamba nchi iliyomzaa ilikuwa na hadhira iliyojua kuchagua, na ina hadhira hiyo hadi leo. Isichokuwa nacho ni daraja kati ya uwanja ule na kipato cha kudumu.

Najua watumishi wa umma wanaosoma makala haya watasema nini, kwa sababu nimeshasemezwa. "Mwalimu, mkoa una upungufu wa madarasa, maji na zahanati. Sanaa itasubiri." Ni hoja nzito, na sitaipuuza. Ila niwakumbushe mambo mawili. La kwanza, ripoti za uchumi za serikali yenyewe katika miaka ya karibuni zimeitaja sekta ya sanaa na burudani miongoni mwa zile zinazokua kwa kasi. Haiwezekani tujivunie ukuaji huo Dodoma kisha tuuite anasa Bariadi. La pili, kila msimu wa kampeni ukifika hakuna anayesema sanaa isubiri. Vyama vyote huwakumbuka waigizaji na wacheza ngoma, huwapandisha jukwaani, huwatumia kukusanya umati. Kura zikishahesabiwa, manju hurudi kijijini kwa baiskeli aliyojia.

Isitoshe, ninayoyaomba hayahitaji mabilioni.

Kwanza, tuvitumie vilivyopo. Viwanja vya Nyakabindi, vilivyopokea maonesho ya kitaifa ya Nane Nane kuanzia 2018, vina nafasi ya kutosha kwa tamasha la mkoa la maigizo na ngoma kila mwaka baada ya mavuno, lenye kiingilio na mgawanyo wa mapato ulioandikwa. Bariadi imewahi kuandaa tamasha la baiskeli na ngoma, na watu walikuja. Kinachotakiwa ni mwendelezo, usiotegemea mapenzi ya kiongozi mmoja anayeweza kuhamishwa kesho.

Pili, mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia nne ni ya vijana, ilitambue kundi la maigizo kuwa mradi halali kama ulivyo ufugaji wa kuku au pikipiki za abiria. Kamera moja, kipaza sauti na kompyuta ya kuhariria havizidi bei ya bodaboda kadhaa. Siku hizi filamu fupi huweza kuwafikia watazamaji kupitia intaneti bila kupita Kariakoo. Afisa maendeleo ya jamii anayeukataa mradi huo kwa kuwa "si wa uzalishaji" aulizwe ni uzalishaji wa aina gani uliolisha maelfu ya familia za tasnia ya filamu.

Tatu, kila ofisi ya afisa utamaduni wa wilaya, kuanzia Busega hadi Meatu, iwe na mfano wa mkataba wa msanii, kurasa mbili tu, kwa Kiswahili chepesi: nani anamiliki kazi, malipo ni kiasi gani na lini, haki zinauzwa kwa miaka mingapi, na zikirejea zinarejea kwa nani. Hapa nawageukia wanafunzi wa sheria na wanaharakati. Msaada wa kisheria mnaoutoa kwa wajane na wenye migogoro ya ardhi ni kazi njema. Ongezeni siku moja kwa mwezi kwa wasanii. Mkishawafundisha mkataba, wafundisheni na akiba. Msanii anaweza kujiandikisha na kuchangia NSSF kwa hiari kama afanyavyo mkulima au mama lishe, lakini nani amemwambia?

Nne, mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 imefungua mkondo wa amali ambamo sanaa ina nafasi. Tusisubiri walimu waliohitimu Bagamoyo ndipo tuanze. Manju aliyeongoza kundi kwa miaka ishirini ni mwalimu. Tumlipe posho aingie darasani.

Narudi kwa mama na kijana wake. Jioni ile tulifanya jambo moja la maana. Tuliipiga ile namba ya simu, tukaweka sauti ya wazi, nikajitambulisha kama mjomba wa kijana. Nikaomba tutumiwe mkataba wa maandishi na jina la kampuni kama lilivyosajiliwa, kabla ya kutuma ada. Yule bwana akacheka. "Mzee, sanaa haina makaratasi," akasema, na simu ikakatika. Tulipojaribu tena haikupokelewa.

Mama alishukuru sana. Ng'ombe alibaki zizini. Lakini kijana hakushukuru, na naona alikuwa na haki. Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango pekee aliouona, na aliyeufunga hakumwonyesha mwingine. Kesho yake nilimtafuta. Nikamwambia kwamba uigizaji ni kazi, kwamba Kanumba aliufanya kazi kwa kuwahi mazoezini, kujifunza kila alipocheka mtu, na hatimaye kumiliki kampuni yake. Na kwamba mahali ambapo sanaa haina makaratasi, mwenye jasho ndiye hubaki mikono mitupu. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Sasa mwalimu, nianzie wapi hapa Bariadi?"

Nilimtajia ofisi ya utamaduni ya halmashauri, nikampa namba yangu, nikamwahidi mfano wa mkataba. Nilijua ni kidogo. Swali lake nalileta kwenu ninyi mnaokaa katika ofisi hizo, na ninyi mtakaokaa humo baada ya kuhitimu: akibisha hodi Jumatatu asubuhi, mtamwonyesha nini?